Geti la kuingilia lina mlinzi, la kutokea je?

Msomaji aliyewahi kuchukua mali ya jumla katika magodauni ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, anaujua utaratibu. Gari tupu linapoingia, mlinzi huuliza maneno mawili matatu na kufungua geti. Gari hilo hilo linapotoka na mzigo mambo hubadilika. Dereva hudaiwa hati ya kutolea mali, katoni huhesabiwa upya, namba ya gari huandikwa kitabuni pamoja na saa, na hati isiyo na sahihi ya karani wa stoo humrudisha dereva ndani hata kama jua limezama. Hakuna anayelalamika sana, kwani kila mmoja anafahamu kuwa hasara haiingii na gari tupu. Hutoka na gari lililojaa.

Katika kompyuta za makampuni yetu utaratibu ni kinyume. Fedha nyingi hutumika kulinda mlango wa kuingilia: nywila, fayawoli, kadi za kufungulia chumba cha seva, na mshauri wa kukodi anayekuja mara moja kwa mwaka kujaribu kuvunja. Mlango wa kutokea, ambao ndio taarifa za wateja hupitia pale zinapoibwa, mara nyingi huwa wazi na hauna kitabu. Ni maoni ya mwandishi huyu kuwa jambo hilo si la mafundi peke yao. Ni uamuzi wa kibiashara ambao wakurugenzi wengi wameufanya bila kujua kuwa wameufanya.

Inafaa kwanza ieleweke mambo yanavyokwenda. Zamani programu ya kampuni ilikuwa moja kubwa, ikikaa katika seva moja au mbili. Siku hizi hukatwakatwa kuwa huduma ndogo ndogo: moja ya malipo, nyingine ya ankara, nyingine ya kutuma ujumbe kwa wateja, nyingine ya ripoti. Huduma hizo huendeshwa ndani ya makontena chini ya usimamizi wa Kubernetes, na zikishazidi ishirini huwa vigumu kujua nani anazungumza na nani. Hapo ndipo inapoingia ile ambayo mafundi huiita sevisi meshi. Kila huduma huwekewa proksi pembeni yake, mithili ya tarishi wa ofisi. Huduma haipeleki barua yenyewe. Tarishi huichukua, huitia lakiri, huandika imekwenda wapi na hurudi na jibu. Meshi mojawapo inayotumika sana ni Istio, ambayo Google, IBM na Lyft waliitangaza mwaka 2017. Tarishi wake ni Envoy, programu iliyotoka Lyft.

Tarishi anayeshika kila barua ndiye pia anayefaa kuuliza: hii inakwenda nje ya kampuni, kwa idhini ya nani? Jambo ambalo wenye makampuni hawaelezwi ni kwamba Istio ikisimikwa kama ilivyotoka kiwandani, tarishi haulizi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa yakizuia barua yoyote iendayo kwa mtu wa nje asiyeandikishwa. Toleo la 1.1, lililotoka Machi 2019, liligeuza utaratibu huo, na tangu hapo anwani yoyote ya nje inaruhusiwa mpaka mwenye mfumo aseme vinginevyo. Kibiashara uamuzi huo unaeleweka, kwani bidhaa inayogoma siku ya kwanza haipati wanunuzi. Lakini kinachomfaa muuzaji wa kufuli si lazima kimfae mwenye nyumba.

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili katika ofisi za kampuni moja ya malipo hapa jijini, ambayo ilinikaribisha kwa sharti kuwa sitaitaja. Mkuu wa mafundi, kijana makini, alinieleza kuwa mfumo wao unazungumza na watu wa nje 11: mitandao ya simu, benki mbili, kampuni ya kutuma ujumbe na wengineo. Nilimwomba tuhakikishe. Kwa bahati njema Istio huweka mawasiliano yote ya nje yasiyoandikishwa katika fungu moja liitwalo PassthroughCluster, hivyo kumbukumbu zilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma. Kabla ya chakula cha mchana orodha ilikuwa mezani. Majina yalikuwa 63.

Baadhi yalieleweka upesi. Kulikuwa na programu ya kukusanya taarifa za makosa, iliyowekwa na kijana aliyekwisha kuacha kazi. Laibrari moja ilikuwa ikiuliza kwao kila saa kama kuna toleo jipya. Seva ya majaribio ya mshirika ilikuwa bado inapigiwa ingawa mkataba wake ulikwisha. Jina moja lilikuwa likipokea kitu kila usiku, muda mfupi baada ya saa nane, na hakuna aliyejua ni kitu gani wala nani alikiagiza. Meneja wa fedha, mama wa makamo aliyeitwa ashuhudie, alisema kuwa kwake hiyo ni sawa na kufungua leja na kukuta wadai 52 wasio na ankara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nadhani sikuhitaji maelezo zaidi ya yale ya mama yule.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mashaka ya karani. Tutazame yaliyowapata wenye mifuko mikubwa kuliko yetu.

Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo biashara yake ni kutunza kumbukumbu za mikopo ya watu, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Wezi waliingia kupitia kasoro ya programu ya Apache Struts, ambayo dawa yake ilikuwa imetolewa Machi mwaka huo na haikutumika mahali palipohitajika. Hiyo ndiyo sehemu ya habari inayosimuliwa na kila mtu. Sehemu inayonihusu mimi ni ile ya geti la kutokea. Equifax walikuwa na chombo cha kukagua mawasiliano yaliyofungwa kwa siri yanayoingia na kutoka, lakini cheti cha kidijitali cha chombo hicho kilikuwa kimekwisha muda wake kwa miezi mingi. Chombo kiliendelea kukaa mahali pake kikipitisha kila kitu bila kukagua, kama mlinzi aliyelala akiwa amevaa sare. Kwa siku 76 wezi walipeleka maombi yapatayo 9,000 kwenye hifadhi za taarifa na kuzitoa kidogo kidogo. Julai 29 cheti kipya kiliwekwa, na siku hiyo hiyo wafanyakazi wakaona mawasiliano ya ajabu.

Hebu mwenye kampuni alitafakari hilo. Wizi ulionekana siku ile ile geti la kutokea lilipofumbua macho. Mwaka 2019 Equifax ilikubali kulipa kati ya dola milioni 575 na milioni 700 kumaliza shauri hilo. Cheti kipya hakifikii hata posho ya kikao kimoja cha bodi.

Mfano wa pili ni wa SolarWinds. Mwaka 2020 wapelelezi waliingiza sumu katika programu ya Orion, na wateja wapatao 18,000 wakaipakua wenyewe kwa imani, kwa kuwa ilitoka kwa muuzaji halali na ilikuwa na sahihi yake. Hapo geti la kuingilia lisingesaidia kitu. Mzigo ulikuwa na karatasi zote. Lakini sumu ile ilikaa kimya hadi wiki mbili, kisha ikapiga simu nje kwa bwana wake kupokea maagizo. Mwaka 2021 CISA, idara ya Marekani ya usalama wa mitandao, ikimjibu Seneta Ron Wyden, ilikiri kuwa fayawoli inayozuia mawasiliano ya kwenda nje ingeidhoofisha kabisa sumu hiyo, na kwamba waliona wahanga waliokuwa wamefunga njia hiyo wakasalimika. Kwa uungwana niongeze kuwa idara hiyo hiyo ilisema kinga ya namna hii haifai kwa kila aina ya uvamizi, na baadhi ya ofisi haziwezi kuitekeleza kwa sababu ya aina ya kazi zao.

Kasoro ya Log4j ya Desemba 2021 ilifuata mkondo huo. Mshambuliaji aliandika maneno machache mahali ambapo seva ingeyaweka katika kumbukumbu zake, na seva yenyewe ikatoka nje kwenda kuchukua programu mbaya. Seva isiyo na ruhusa ya kwenda kokote nje ingebaki mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye soko, maana ukurasa huu ni wa bei. Taarifa zinazotoka hulipiwa hata zisipoibwa. Kwa orodha ya AWS katika eneo la Virginia Kaskazini, kila gigabaiti inayopita katika geti la NAT hutozwa dola 0.045, geti lenyewe hutozwa dola 0.045 kwa saa lipite gari lisipite, na gigabaiti inayokwenda intaneti hutozwa dola 0.09 baada ya zile 100 za bure za kila mwezi. Terabaiti moja kwa njia hiyo ni kama dola 135. Tangu Februari 2024 kila anwani ya IPv4 ya hadhara nayo inalipiwa dola 0.005 kwa saa. Kinachochekesha ni kwamba kampuni nyingine hupeleka taarifa zake katika hifadhi ya S3 iliyo eneo lile lile kwa kuzizungusha kupitia geti la NAT, zikilipia kila gigabaiti, wakati ipo njia ya ndani isiyotozwa kitu. Kampuni niliyoitembelea ilikuwa ikifanya hivyo hivyo. Ni sawa na kumtuma tarishi kwa teksi chumba cha pili. Kasoro hiyo haikugunduliwa na mhasibu wala fundi. Ilionekana tu baada ya orodha ya watokao kuandikwa.

Utaratibu ninaoupendekeza hauna miujiza. Kampuni iache meshi wazi kwa wiki kadhaa huku ikisoma kumbukumbu, mwisho wa mwezi ukiwemo, kwa sababu zipo kazi zinazofanyika mara moja tu kwa mwezi. Kila jina la nje liandikishwe rasmi katika daftari la meshi likiwa na mwenyewe, sababu na tarehe ya kupitiwa upya, na huyo mwenyewe awe mkuu wa idara, si fundi. Jina lisilo na mwenyewe halina haki ya kuandikishwa. Kisha meshi ibadilishwe kutoka "ruhusu wote" kwenda "walioandikishwa tu". Barua zote za nje zipite katika geti moja la kutokea badala ya kila huduma kuwa na tundu lake ukutani. Faida yake kibiashara ni ya haraka: benki na mitandao ya simu nyingi humtaka mshirika awe na anwani za IP zinazojulikana, na geti moja humpa anwani za kudumu za kuwapelekea.

Hapa lazima niwaonye wale watakaokimbilia kubadilisha neno moja katika faili na kutangaza ushindi. Watengenezaji wa Istio wenyewe wameandika kuwa mpangilio wa "walioandikishwa tu" usichukuliwe kuwa ukuta wa usalama. Tarishi hushika mawasiliano ya TCP, lakini ya UDP hupita pembeni yake. Mvamizi aliyekwisha kuingia ndani ya kontena anaweza kumkwepa tarishi akatoka kwa mguu. Ndiyo maana lazima kuwe na sheria za mtandao za Kubernetes au fayawoli ya nje zinazosema kuwa hakuna kitakachotoka isipokuwa kimepita katika geti la kutokea. Meshi ni karani, si ukuta. Karani bila ukuta huandika vizuri sana majina ya wale waliokubali kupita mbele yake.

Aidha, kuandikishwa si ruhusa kwa wote. Daftari likisema kampuni ya ujumbe inaruhusiwa, basi bila amri nyingine hata huduma ya ripoti inaweza kuipelekea chochote. Lazima iandikwe pia nani anaruhusiwa kwenda wapi. Kuna na tatizo la bahasha. Barua ikifungwa kwa siri na huduma yenyewe, karani anaona tu jina lililoandikwa juu, na jina juu ya bahasha linaweza kusema uongo. Tena, ukiruhusu jina pana la hifadhi inayotumiwa na dunia nzima, umeruhusu pia kasha la mwizi lililokodiwa katika hifadhi hiyo hiyo. Kwa mawasiliano mazito ni afadhali huduma impe tarishi barua wazi ndani ya kampuni, ikaguliwe getini, ndipo ifungwe na kutolewa. Jambo hili lina gharama ya muda na mitambo, na sioni sababu ya kulifanya kwa kila barua. Lifanywe pale penye fedha na majina ya watu.

Malalamiko makubwa yatatoka kwa waandika programu. Niliyasikia yote: kwamba kila huduma mpya ya nje itahitaji kibali, kwamba kazi ya saa moja itakuwa ya siku tatu, kwamba kampuni itarudi kwenye foleni. Siwabezi. Wazazi wetu wa miaka ya 1980 walipanga foleni kwa karatasi ya sukari na sabuni, na sisi tuliozaliwa baada ya soko huria tumerithi chuki yao kwa neno kibali. Lakini kosa la vibali vile halikuwa kuwepo kwa kitabu. Kosa lilikuwa kwamba aliyeshika kitabu hakuwa na haraka, wala hakujibu kwa yeyote. Daftari la meshi ni faili la maandishi. Ombi linaweza kuandikwa na mwombaji mwenyewe, likapitiwa na mtu mwingine mmoja na kuanza kazi mchana ule ule. Kampuni ambayo itachukua siku tatu ina tatizo la uongozi, na ingechukua siku tatu kununua hata balbu.

Sheria nayo imekwisha kusogea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti kwa usafirishaji wa taarifa za watu kwenda nje ya nchi. Kenya wanayo yao ya mwaka 2019 yenye masharti ya namna hiyo. Swali rahisi ambalo mkaguzi anaweza kuuliza ni hili: taarifa za wateja wenu zinakwenda nchi gani, kwa nani, kwa mkataba upi? Kampuni isiyo na daftari la kutokea haiwezi kujibu swali hilo kwa ukweli. Inaweza kujibu kwa matumaini tu, kama yule kijana na watu wake 11.

Kwa hiyo sahihi ya kufunga geti ninaitaka kwa meneja wa fedha au mkurugenzi mkuu. Fundi akifunga peke yake, siku malipo yatakapokwama ataamriwa afungue, na akishafungua hakuna atakayemkumbusha kufunga tena. Mwenye sahihi ndiye atakayeulizwa, kwa hiyo ndiye atakayetaka kusoma orodha.

Kampuni niliyoitembelea ilifunga usiku wa Ijumaa, baada ya kuandikisha majina 29. Mengine waliyaacha nje kwa makusudi, wasikilize nani atapiga kelele. Jumatatu saa tatu asubuhi simu ilitoka idara ya uhasibu: viwango vya fedha za kigeni katika skrini zao vilikuwa bado ni vya Ijumaa. Huduma iliyokuwa ikivichukua nje ilikuwa miongoni mwa zilizokosa mwenyewe. Mhasibu mkuu aliandikishwa kuwa mwenyewe na viwango vikarudi kabla ya chai. Kuhusu lile jina lililokuwa likipokea kitu kila usiku, hadi naandika makala haya hakuna aliyepiga simu. Kumbukumbu zinaonyesha kuwa kila usiku, muda mfupi baada ya saa nane, huduma moja bado inajaribu kutoka na inarudishwa getini.